Makuti Mapya, Paa Lilelile

Mwishoni mwa msimu wa 2016, jopo linaloteua kikosi bora cha mwaka cha ligi ya AFL huko Australia lilipanga mabeki sita, na wawili kati yao walikuwa na umri wa miaka 34: Corey Enright wa Geelong na Matthew Boyd wa Western Bulldogs. Miaka minane baadaye Dayne Zorko wa Brisbane aliingia katika kikosi hichohicho, naye kama beki, akiwa na miaka 35. Boyd na Zorko hawakukulia nyuma. Walikuwa viungo, wakarudishwa kwenye ulinzi miguu ilipoanza kulalamika. Kama uzee ndio ungekuwa ugonjwa wenyewe wa safu ya ulinzi, kama inavyosemwa kila timu kongwe inapopigwa mabao mengi, basi majina haya matatu yasingepaswa kuwepo pale. Nitakachodai katika sura hii ni kwamba uzee wa beki mmoja ni jambo la kawaida, na mara nyingi ni mtaji. Ukuta huanguka pale wote wanapozeeka kwa mkupuo, na wale wanaokuja kuwarithi hawajawahi kusimama nao uwanjani. Kwa hiyo kazi ya kuujenga upya huanza mapema sana, wakati ukuta bado unasifiwa, na malighafi yake kubwa ni muda ambao mzee na kijana wanautumia wakicheza bega kwa bega.

Msomaji aliyelelewa na soka anahitaji kwanza kuuona uwanja. Huu ni mchezo ambao wenyewe huuita futi, neno ambalo kwetu ni kipimo cha urefu na linatukumbusha fundi seremala kuliko mchezaji. Uwanja wake ni wa duara iliyorefuka kama yai, mkubwa kuliko wa soka, na hauna vipimo vinavyofanana kutoka mji mmoja hadi mwingine. Kila upande una wachezaji 18. Hakuna kipa, na hakuna kuotea. Kila mwisho wa uwanja zimesimama nguzo nne: mpira uliopigwa ukapita kati ya mbili za katikati ni goli la pointi sita, ukipita pembeni yake ni pointi moja. Anayedaka mpira uliopigwa kwa mguu kutoka mita 15 au zaidi, kabla haujagusa chini wala mtu mwingine, hupewa haki ya kusimama na kuupiga bila kuguswa. Hapo ndipo siri ya ulinzi ilipo. Mshambuliaji akidaka mita 30 kutoka golini, karibu amekwisha funga. Beki akidaka mpira uleule, shambulizi limekufa na jingine limezaliwa kuelekea upande wa pili. Na kwa kuwa hakuna kuotea, mabeki hawana mstari wa kumsukumia mpinzani nyuma yake ili refa awasaidie. Wanachokuwa nacho ni macho na miili yao, na kujua mwenzao atakuwa wapi sekunde mbili zijazo.

Zamani jambo hilo la mwisho halikuwa na uzito mkubwa, maana kila beki alikuwa na mtu wake. Ulimkaba mpinzani wako tangu kipenga cha kwanza hadi cha mwisho, na jioni ukahesabiwa magoli aliyokufunga. Mwaka 2008 Hawthorn ya kocha Alastair Clarkson iliwashinda Geelong, mabingwa watetezi waliokuwa wamepoteza mechi moja tu kabla ya mchujo, kwa tofauti ya pointi 26 katika fainali kuu, ikitumia ulinzi wa kukaba maeneo ambao wachezaji wote walisogea pamoja kama wavu. Tangu hapo ligi nzima ikaelekea huko. Katika ulinzi wa namna hiyo beki humwacha mtu wake kwa makusudi, huenda kuukata mpira unaokwenda kwa mtu wa mwingine, akiamini kwamba kuna mwenzake aliyekwisha ona pengo na kulifunika. Akikosea mmoja, mshambuliaji anabaki peke yake mbele ya nguzo. Ujuzi huu haukai ndani ya kichwa cha mchezaji mmoja. Umo katikati ya watu, kama vile mwendo wa ngoma ulivyo katikati ya wapigaji, na ndiyo maana hauwezi kununuliwa kwa kumnunua mtu.

Ukilielewa hilo, utaelewa pia kwa nini beki anaweza kuzeeka vizuri kuliko kiungo. Kiungo hukimbia kwenda na kurudi mchana kutwa kwa robo nne za dakika 20 ambazo, ukiongeza muda uliopotea, huvuka saa mbili za mchezo. Idadi ya mabadiliko ya wachezaji kwa mechi iliwekewa kikomo cha 120 mwaka 2014, ikashushwa hadi 90 mwaka 2016 na 75 mwaka 2021, kwa hiyo hata nafasi ya kwenda kupumua benchi imekuwa finyu. Beki huanza akiwa tayari karibu na mahali mpira utakapofika. Kasi anayopoteza akiwa na miaka 31 anaweza kuifidia kwa kuanza kukimbia mapema kidogo, na kuanza mapema ni suala la kusoma mchezo, ambalo huongezeka kwa umri. Kuna mipaka, bila shaka. Beki mfupi anayelazimika kukimbizana na washambuliaji wadogo wenye miguu ya swala ataona jua likizama mapema kuliko beki mrefu anayegombea mipira ya juu. Lakini hata hapa Enright ni ushahidi wa kutatanisha, maana yeye hakuwa mrefu wa kupigania angani, na bado alicheza mechi 332 za ligi hadi 2016.

Fundi wa makuti huko pwani anajua kwamba paa halivuliwi lote wakati wa masika. Kuti lililooza hutolewa, jipya huchomekwa, na waliomo ndani huendelea kupika. Sijaona timu ya mchezo wowote iliyofanya kazi hiyo kwa uvumilivu kama Geelong. Klabu hii ya mji wa bandari, kiasi cha kilomita 75 kutoka Melbourne, ilitwaa ubingwa 2007 kwa kuifunga Port Adelaide kwa pointi 119, tofauti ambayo haijawahi kufikiwa katika fainali kuu nyingine. Ukuta wake ulikuwa na Matthew Scarlett katikati kabisa, nahodha Tom Harley, Darren Milburn, Enright, na Andrew Mackie. Lakini siku ya fainali hiyo mtu mmoja hakuwepo: Matthew Egan, beki wa kati aliyekuwa ameteuliwa kikosi bora cha mwaka uleule, aliumia mguu mwishoni mwa msimu, na hakucheza tena ligi hiyo. Bingwa aliyetoka kushinda kwa pointi 119 angeweza kusema hana haja ya beki. Geelong ikaenda kwenye mgawo wa wachezaji chipukizi wa mwaka huohuo, ambako klabu huchagua kwa zamu, ikatumia nafasi ya 17 kumchukua Harry Taylor, kijana wa miaka 21 kutoka East Fremantle huko magharibi, ambaye umri wake tayari ulikuwa mkubwa kwa mgawo unaotawaliwa na wavulana wa miaka 18. Taylor akaanza kucheza 2008, huku Scarlett, Harley na Milburn wote wakiwepo.

Angalia sasa jinsi walivyoondoka. Harley alitundika daluga baada ya ubingwa wa 2009. Milburn akafuata 2011, mwaka wa ubingwa mwingine, na Scarlett 2012. Enright alibaki hadi 2016. Mackie na Tom Lonergan wakaondoka pamoja 2017. Taylor mwenyewe akamaliza 2020. Katika orodha hii ya miaka 12 mara moja tu waliondoka mabeki wawili kwa pamoja, na mara hiyo tayari Jake Kolodjashnij alikuwa amecheza kwa misimu kadhaa, na Tom Stewart alikuwa amemaliza msimu wake wa kwanza kando yao. Jack Henry alianza 2018 akiwa na Taylor. Sam De Koning aliingia 2021 akiwa na Stewart na Henry. Scarlett naye alirudi klabuni kama kocha wa mabeki, kwa hiyo hata baada ya miguu yake kuondoka, lugha ya ukuta ule ilibaki ikisemwa. Ukichora mnyororo huu utaona kwamba hakuna pete hata moja isiyogusana na iliyotangulia: De Koning alisimama na Stewart, Stewart alisimama na Taylor, Taylor alisimama na Scarlett. Mwaka 2022 Geelong iliwafunga Sydney kwa pointi 81 katika fainali kuu, kikosi chenye wastani mkubwa wa umri kuliko vyote vilivyopata kutwaa ubingwa wa ligi hiyo. Watu wakaandika habari za wazee. Mimi ninachokiona zaidi pale nyuma ni De Koning, kijana wa miaka 21, aliyecheza kana kwamba amekuwepo miaka kumi.

Upande wa pili wa bara kuna mfano wa kinyume. West Coast ya Perth ilitwaa ubingwa wa 2018 kwa pointi tano dhidi ya Collingwood, na bao lililoamua mechi hiyo lilianzia kwa beki: Jeremy McGovern alidaka mpira uliokuwa unaingia kwenye eneo lake, akaupiga mbele, na mikono miwili baadaye Dom Sheed akafunga kutoka pembeni. Katika safu ya nyuma ya msimu ule walikuwepo pia nahodha Shannon Hurn, Brad Sheppard na Tom Barrass, na huenda hakukuwa na ukuta mwingine ligini uliodaka mipira ya wapinzani kwa utulivu ule. Swali la nani angekuja baada yao halikuulizwa kwa sauti. Mwishoni mwa 2019 klabu ilitoa nafasi zake za juu katika mgawo ili kumpata kiungo Tim Kelly, kutoka Geelong wala si kwingine, kwa imani kwamba kikosi kilekile kilihitaji mtu mmoja tu ili kishinde tena. Sheppard akalazimika kustaafu 2021 kwa sababu ya mishtuko ya ubongo. Mwaka 2022 timu ilishinda mechi mbili, 2023 ikashinda tatu na kushika mkia, na mwaka huo Hurn, akiwa na mechi 333, akaondoka. Barrass akahamia Hawthorn mwishoni mwa 2024. Siwezi kusema mabeki ndio walioiangusha West Coast. Majeruhi na safu ya kiungo iliyochoka vina sehemu yao, nami nitarudi kwenye hilo. Lakini vijana waliotupwa nyuma katika misimu ile walitupwa katikati ya mafuriko, wakijifunza kuogelea mahali ambapo hata waogeleaji hodari walikuwa wanazama.

Sasa kuna mtu atakayeniuliza habari za klabu ya Richmond, na ana haki. Alex Rance alikuwa beki kisiki wa zama zake, mteule wa kikosi bora cha mwaka mara tano mfululizo kuanzia 2014 hadi 2018, na nahodha wa kikosi hicho 2017. Katika mechi ya kwanza kabisa ya msimu wa 2019 alipasuka kano ya goti, na kabla mwaka haujaisha akatangaza kuacha mchezo. Hakukuwa na makabidhiano wala mrithi aliyeandaliwa kwa jina. Na bado Richmond ikatwaa ubingwa mwaka huohuo, ikiwafunga GWS kwa pointi 89, na mwaka uliofuata tena. Je, hili halibomoi hoja yangu? Ningesema linainyoosha. Waliobaki, Dylan Grimes, David Astbury, Nick Vlastuin, Nathan Broad na Bachar Houli, walikuwa wamekaa na Rance kwa miaka; kilichoondoka kilikuwa kuti moja kubwa katika paa lililofumwa sawasawa. Zaidi ya hapo, walipata muda. Kufikia mapumziko ya katikati ya msimu wa 2019 timu hiyo ilikuwa imeshinda mechi saba na kupoteza sita, rekodi ya timu inayotafuta njia yake gizani. Kisha ikashinda mechi tisa zote zilizobaki na tatu za mchujo. Miezi sita ilitosha kugawana upya kazi za mtu mmoja.

Linganisha na Geelong yenyewe mwaka 2021. Stewart, ambaye kufikia hapo ndiye aliyekuwa jicho la ukuta wote, aliumia mguu mwezi Agosti, wiki chache kabla ya mchujo. Katika nusu fainali Melbourne iliwapiga kwa pointi 83. Timu hodari katika urithi wa mabeki ilianguka kwa kumkosa mtu mmoja, na timu ambayo haikuandaa mrithi ilipona. Tofauti ninayoiona baina ya matukio haya haiko katika ubora wa Rance na Stewart. Iko kwenye kalenda. Richmond walikuwa na mechi zaidi ya 20 za kukosea na kurekebisha. Geelong walikuwa na chache mno, na nyingi dhidi ya wakubwa. Ndiyo maana napendelea kupima maandalizi ya ulinzi kwa idadi ya mechi ambazo mabeki wamecheza pamoja kuliko kwa idadi ya mabeki waliomo kwenye orodha ya klabu. Beki wa saba aliyekaa mwaka mzima katika timu ya akiba ni kama mwana asiyemjua babaye: ana jina la ukoo, lakini hajui mila.

Kuna njia ya mkato inayopendwa, nayo ni kumnunua mkongwe. Hawthorn ilipopoteza fainali ya 2012 kwa pointi 10 dhidi ya Sydney, ilimleta Brian Lake kutoka Western Bulldogs, mtu wa miaka 30 aliyeonekana na wengi kuwa yuko ukingoni. Mwaka uliofuata alitwaa medali ya Norm Smith, tuzo ya mchezaji bora wa fainali kuu, na Hawthorn ikachukua ubingwa mara tatu mfululizo. Huo ulikuwa ununuzi wa akili, sitaudharau. Lakini Lake aliletwa kuziba tundu, na tundu lilipozibwa kazi yake ilikuwa imekwisha. Alistaafu 2015, Josh Gibson na Luke Hodge wakaondoka Hawthorn baada ya 2017, na mwaka huo klabu ilikuwa tayari imeachwa nje ya mchujo. Kwa ubingwa mara tatu klabu yoyote ingelipa bei hiyo, na msomaji anayesema “na iwe hivyo” simpingi. Nasema tu kwamba hilo halikuwa ujenzi.

Hodge huyohuyo anatuonyesha namna nyingine ya kumtumia mzee. Alikuwa amekwisha tangaza kustaafu, akiwa na miaka 33, alipokubali kwenda Brisbane, timu iliyokuwa imeshika mkia 2017 chini ya Chris Fagan, ambaye kabla ya kuwa kocha mkuu alifanya kazi Hawthorn. Alicheza mechi 41 katika misimu miwili. Hakuna aliyetarajia Hodge awe ndiye beki wa ubingwa wa Brisbane. Alipelekwa kusimama nyuma na kupiga kelele. Msimu wake wa kwanza timu ilishinda mechi tano. Wa pili ilishinda 16 na kumaliza ya pili katika msimamo, na kijana aliyekuwa akisimama kando yake, Harris Andrews, akateuliwa kwa mara ya kwanza katika kikosi bora cha mwaka. Ni vigumu kusema kiasi gani cha hayo kilitoka kwa Hodge na kiasi gani kwa kipaji cha Andrews na kwa viungo walioongezwa. Atakayetoa asilimia atakuwa anabuni. Lakini mpango wenyewe ulikuwa bayana: mzee aliwekwa kando ya kijana kwa makusudi, kwa muda uliopangwa, uwanjani na si kwenye chumba cha mikutano. Lake alinunuliwa kwa sababu ya mikono yake, Hodge kwa sababu ya mdomo wake.

Pingamizi zito kuliko yote hutoka kwa wale wanaoamini katika kuvunja na kuanza upya. Ligi ya AFL ina ukomo wa mishahara unaozibana klabu zote, na mgawo wa chipukizi ambamo klabu iliyoshika mkia huchagua ya kwanza. Kwa mfumo huo, wanasema, kuendelea kuviraka ni ujinga: afadhali kuwauza wazee wote, kushuka hadi chini, na kukusanya vijana bora wa nchi kwa miaka mitatu. Kwa viungo na washambuliaji hoja hii ina nguvu. Kwa mabeki ushahidi unaikataa karibu kila ninapougeuza. Rance alipatikana katika nafasi ya 18. Stewart alichukuliwa katika nafasi ya 40, akiwa na miaka 23, baada ya kupita mikononi mwa klabu zote bila kutakiwa, akicheza ligi za nyumbani hapohapo Geelong. Andrews alikuwa wa 61. McGovern na Henry waliingia kupitia orodha ya wanagenzi, mlango wa nyuma ambao wachezaji huchukuliwa baada ya mgawo mkuu kwisha. Mark Blicavs hakuwa hata mchezaji wa futi; alikuwa mkimbiaji wa mbio za kuruka viunzi na maji aliyeota kwenda Olimpiki ya London, na mwaka 2018 alikuwa mchezaji bora wa Geelong akicheza kama beki mrefu. Aliir Aliir, aliyezaliwa 1994 katika kambi ya Kakuma huko Turkana kwa wazazi waliokimbia vita vya Sudan, alichukuliwa na Sydney katika nafasi ya 44 kama mtu wa mbele. Ni baada ya kurudishwa nyuma ndipo kipaji chake cha kuusoma mpira angani kilipoonekana, na baada ya kuhamia Port Adelaide akaingia kikosi bora cha 2021.

Kuna sababu ya mpangilio huu. Wavulana wa miaka 17 hupimwa kwa kile wanachofanya na mpira, ilhali kazi ya beki ni yale anayoyazuia yasitokee, na hayo hayapimiki kwa urahisi uwanjani mwa shule. Tena mwili wa beki mrefu huchelewa kukomaa. Carlton ilitumia nafasi ya kwanza kabisa ya mgawo wa 2015 kumchukua beki, Jacob Weitering, na alikuja kuwa beki mzuri kweli. Lakini 2018 klabu ilishinda mechi mbili na kushika mkia, maana beki mmoja bora aliyezungukwa na wageni wenzake hana wa kumwachia mtu wake. Anayeshuka chini ili apate ukuta analipa bei ya dhahabu kwa kitu kinachouzwa sokoni kwa bei ya dagaa.

Wengine watasema Geelong si mfano wa haki. Ni mji wenye maisha tulivu, wachezaji wengi waliokulia pale hutamani kurudi, na baadhi wamekubali ujira mdogo kuliko ambao wangepata Melbourne. Ni kweli, na ni kweli zaidi kwa nyota wa mbele na wa kati waliohamia pale kuliko kwa mabeki. Orodha niliyoitaja juu karibu yote ni ya watu ambao klabu nyingine 17 zilikuwa na nafasi ya kuwachukua kabla. Faida ya mji haielezi kwa nini Stewart alikaa bila kuchaguliwa hadi miaka 23, wala kwa nini mbio za kuruka viunzi zilitazamwa kama shule ya ulinzi.

Pingamizi la mwisho ndilo ninaloliheshimu zaidi, nalo linahusu walio mbele ya mabeki. Mzee husoma mpira vizuri pale tu mpira unapopigwa kwa haraka na kwa hofu. Kiungo wa upinzani akiwa amebanwa, huutupa juu tu, ukaelea, na beki wa miaka 33 akaufikia kwa kutembea. Kiungo huyohuyo akiachwa huru, huinua kichwa, humwona mshambuliaji anayekimbia, na kumpelekea mpira kifuani. Hapo hakuna kusoma kutakakosaidia, zinabaki mbio tu, na mbio mzee hana. Tangu 2021 kanuni inamtaka mtu anayesimama mbele ya mdakaji asisogee kabisa, na hiyo imeufungulia mpira njia za katikati. Kwa hiyo ukuta mara nyingi hulaumiwa kwa uzee ambao umeanzia mita 80 mbele yake. Nakubali yote hayo. Nadhani ndiyo maelezo bora ya mkasa wa West Coast, na pia ya Richmond, ambayo mashambulizi yake ya kubana yalipolegea ukuta wake nao ukafunuliwa. Astbury na Houli waliondoka 2021, Grimes 2024, na mwaka huo wa 2024 timu ikamaliza ya mwisho. Lakini kukubali hivyo kunaongeza sababu ya kupishanisha umri. Klabu haiwezi kujua ni mwaka gani safu yake ya kiungo itachoka. Inachoweza ni kuhakikisha kwamba mwaka huo ukifika nyuma kuna angalau miguu miwili au mitatu ya kijana inayojua tayari macho ya mzee yanatazama wapi.

Fainali kuu ya 2025 iliwakutanisha Geelong na Brisbane. Stewart, sasa mwenye miaka 32, alikuwa amegongwa kichwa katika nusu fainali dhidi ya Hawthorn, na kanuni za mishtuko ya ubongo zikamweka nje, safari hii kwa taarifa ya wiki moja tu. Connor O’Sullivan, beki kijana aliyechukuliwa katika mgawo wa 2023, alikuwa na msimu mmoja kamili mgongoni. Brisbane ilishinda kwa pointi 47, ubingwa wake wa pili mfululizo, na mmoja wa manahodha wawili walioinua kombe alikuwa Harris Andrews, nafasi ya 61.